Samaki Wasiosoma Vitabu

Wenzangu mvaao miwani, nawaleteeni habari za samaki mmoja mdogo, urefu wake kiasi cha sentimita 4, mwenye mistari ubavuni kama pundamilia. Nalo jina lake ndilo hilo, samaki pundamilia. Kwao ni mito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepali. Katika miaka ya 1970 George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alimfanya mtumishi wa elimu ya viumbe, na utumishi huo haujakoma hadi leo.

Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Mimi huvaa miwani tangu Kidato cha Kwanza, na Bibi hushikilia kwamba ni vitabu vilivyoniharibu. Mwaka huu mdogo wangu wa kike naye ameanza kukunja uso atazamapo ubao. Baba akamkataza kusoma vitabu nje ya saa za shule, naye yu darasa la saba! Basi nikamwendea mwalimu wetu wa Biolojia.

Mwalimu alinieleza kuwa mtu asiyeona mbali aghalabu ana jicho refu mno. Mtoto mchanga huwa na jicho la milimita 17 hivi toka mbele hadi nyuma. La mtu mzima hufika 24. Nuru yapaswa kukutana juu ya retina, ule utando wa nyuma upokeao picha. Jicho likizidi milimita moja tu, nuru hukutana kabla ya kufika hapo, na vitu vya mbali huwa kama vimo katika ukungu. Lakini ni nani aliambiaye jicho, "Basi, usikue tena"?

Hapo ndipo samaki wetu aingiapo, kwani hakuna awezaye kumfungia mtoto wa mtu gizani ili ampime macho. Samaki jike hutaga mayai mamia, nayo hupenya nuru kama kioo. Kinda huanguliwa kwa siku 3 hivi, na siku ya 5 huona na kuwinda. Tena, kama sisi, huyu ni kiumbe wa mchana.

Mwaka 2011 wataalamu wa Milwaukee walieleza habari za samaki wenye kasoro katika jeni iitwayo lrp2: macho yao yalikua kupita kiasi. Watu wenye kasoro katika jeni hiyo nao huwa hawaoni mbali kabisa. Mwaka 2014 wataalamu wa huko huko walipima macho ya samaki kwa nuru, bila kuwadhuru, mara kwa mara kadiri walivyokua. Waliolelewa gizani walielekea kutoona mbali. Waliporudishwa mwangani, macho yao yakajirekebisha. Kumbe jicho hurithi, na pia husikiliza nuru.

Nilipomsimulia Baba, akaniuliza, "Samaki hao husoma?"

Hapana, hawasomi, na swali lake ni zuri. Lenzi ya samaki ni mviringo kama gololi, naye hukua maisha yake yote. Jicho la mtoto likisha kurefuka halirudi. Kwa hiyo nilimletea habari za watoto wenyewe. Huko Guangzhou, Uchina, shule kadhaa ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: baada ya miaka 3, waliopatwa na tatizo walikuwa kama 30 katika kila 100, katika shule nyingine walikaribia 40. Si tiba, lakini si haba.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mdogo wangu, akamwambia achukue daftari lake akasomee barazani kungali mchana. Jumamosi Mama atampeleka kupimwa macho.