Ulimi wa Madungu na Kipaza Sauti

Madungu ni mtaa wa mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba. Aliyekulia hapo hakukosa sauti za kusikiliza. Alfajiri husikia adhana. Mchana husikia watoto wa chuo wakirudia aya kwa pamoja. Msimu wa karafuu husikia soga za wachumaji majamvini. Na harusini husikia wanawake wajuao kumwigiza mke mwenza, hakimu na bwana bahili, hata wasikilizaji washike mbavu. Wanawake hao hawakupata kuitwa waigizaji na mtu yeyote, wala hawakupata kulipwa. Kisiwa hiki ndicho kilichomlea Kamange, na Sarahani pia, malenga wa zamani ambao tungo zao zilikaa vifuani mwa watu kwa muda mrefu kabla ya kusomwa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichotoka mwaka 2011. Lau sauti ingekuwa mali ya kupimwa kwa pishi kama karafuu, Pemba ingehitaji maghala zaidi.

Insha hii yahusu sauti moja tu kati ya hizo. Ni sauti ya binti aliyemaliza skuli akiwa na sifa ambayo haikuandikwa katika cheti chake: akisoma hadithi, kila mtu aliyemo ndani yake hupata koo lake mwenyewe, mzee akawa mzee na mtoto akawa mtoto. Jina lake halitajwi, kwa kuwa wazee wake wangali wakikaa pale, na habari zake si fedheha wala si tangazo. Alitaka kuwa mwigizaji wa sauti, yaani mtu wa kutia maneno ya Kiswahili katika vinywa vya wachezaji wa kigeni, na kusema katika michezo ya redio na matangazo ya biashara.

Tamaa hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2011 shirika la utangazaji la taifa, TBC, lilionyesha tamthilia ya Kichina ya mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake, nayo ilisemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping wa China akaitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha mashindano ya kutia sauti nchini Tanzania, na baadhi ya washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Kisha Azam TV ikaleta tamthilia za Kituruki, na nyumba nyingi zikamsikia Sultani Suleiman wa Istanbul akifoka na kubembeleza kwa Kiswahili. Binti alimsikia akiwa ameketi ukumbini kwa jirani. Wenziwe walitazama mavazi. Yeye alifumba macho, akajaribu kukisia aliyekuwa akisema ni mtu wa wapi.

Kazi ya sauti ilikuwa na fadhila nyingine kwa binti wa Chake Chake. Mwigizaji wa filamu huonekana uso, huvaa atakavyovishwa, na hushikwa mkono na asiye mumewe. Mambo hayo huzua maneno katika mji mdogo. Mwigizaji wa sauti hukaa nyuma ya ukuta. Shangazi yake, ambaye hakutaka kusikia habari ya filamu, alikubali kazi hii kwa hoja kwamba mtu haolewi wala haachwi kwa sauti. Mjomba hakuridhika, alisema sauti nayo ina stara yake. Maneno yalipita baina ya ndugu hao wawili kwa siku kadhaa, na kila mmoja alikuwa na wanazuoni wake wa kumtegemeza. Mwishowe shangazi alishinda, pengine kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa zaidi.

Nauli binti aliitoa katika fedha alizolipwa kwa kuchuma karafuu. Kutoka Madungu alipanda gari kabla ya jua kutoka hadi bandari ya Mkoani. Kutoka Mkoani alipanda boti hadi Unguja, na kutoka Unguja boti nyingine hadi Dar es Salaam. Mwenziwe wa Kinondoni aliyeitwa katika usaili uleule alitoka kwao baada ya chai. Jambo hili halisemwi mara nyingi panapozungumzwa bahati na kipaji. Usaili ulikuwa wa dakika sita, na huenda mtu akaitwa mara kumi kabla ya kuchukuliwa mara moja. Kwa kijana wa Kinondoni mara kumi hizo ni nauli za daladala, na kwa kijana wa Pemba ni mavuno ya msimu mzima.

Alipewa karatasi, akasoma. Msimamizi alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sauti nzuri sana, dada. Lakini uondoe huo Upemba."

Upemba wenyewe ulikuwa jambo dogo la midomo. Asemaye Kiswahili sanifu, akitaka kusema mtoto, hufunga midomo kwanza. Mpemba wa asili hafungi. Ulimi wake huwahi nyuma ya meno, akasema ntoto, na vivyo hivyo ntu. Yako na mengine ya lafudhi na vitenzi, na msomaji atakaye kuyafuatilia atayakuta katika kitabu cha W. H. Whiteley juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, kilichotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958. Kwa wanachuo, n hiyo ni johari ya kuandikiwa makala. Kwa msimamizi yule ilikuwa vumbi juu ya kioo.

Haifai kumlaumu upesi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kamati ya lugha ya nchi nne ikaanza kazi mwaka 1930, ilibidi lahaja moja ipande na nyingine zibaki chini. Bila ya hivyo Doudou asingeeleweka Mwanza na Mombasa kwa siku moja. Mwenye tamthilia ana haki ya kutaka lugha isiyomzuia msikilizaji njiani, na mwigizaji asiyeweza kubadili ulimi hajaijua kazi yake bado. Binti mwenyewe alilikubali hilo. Alitoka pale bila ya kinyongo.

Kinyongo kilikuja wiki ile ile, katika studio ya pili. Hapo palitafutwa sauti za tangazo la biashara, na mmoja wa watu wa tangazo alikuwa Mpemba mwenye duka. Kila msikilizaji wa Tanzania anamjua Mpemba huyu: ni mtu wa dukani, mpole, mgumu wa fedha, mwenye maneno ya kuvutwa. Binti alidhani kwamba mlango umefunguka. Akasema kama wasemavyo kwao, kama mwenye duka wa Chake Chake asemavyo kweli na mnunuzi wake. Waliokuwapo wakatazamana. Nafasi ile alipewa kijana wa bara ambaye hajapata kukanyaga kisiwa, naye alisema Kipemba ambacho hakisemwi Wete, Mkoani wala Micheweni. Kila mtu chumbani alicheka.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo kwa mtu wa pembeni, na haufanani na ule unaotajwa kila siku. Si kweli kwamba lahaja yake haitakiwi. Yatakiwa, lakini inatakiwa nakala yake. Msikilizaji amezoea nakala kwa miaka mingi, hata akiisikia asili huiona kuwa ndiyo iliyokosea. Basi Mpemba akitaka kumwigiza mtu wa kawaida huambiwa aache Upemba, na akitaka kumwigiza Mpemba huambiwa hautoshi.

Walakini ulimi peke yake haungemnyima mtu chakula kama kazi zingekuwa nyingi. Zanzibar ilikuwa na redio yake tangu mwaka 1951, na televisheni yake ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hesabu hiyo vijana wa visiwani wangekuwa mbele kwa miaka ishirini. Lakini mitambo, studio na wakubwa walikaa Unguja, na Pemba ilibaki zaidi kuwa msikilizaji. Tena mchezo wa redio ni kitu cha gharama, na mara nyingi hulipiwa na mwenye haja nyingine. Mchezo Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, uliandikwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, nao ulisikilizwa sana. Tangu hapo waigizaji wengi wamekula kwa afya: leo malaria, kesho chanjo, kesho kutwa haki za watoto. Mradi ukiisha, mhusika hufa hata kama hakuumwa.

Malipo nayo mara nyingi ni ya kipande. Mtu husema, hulipwa, huondoka. Sauti yake hurudiwa mwaka huu na mwaka ujao bila ya yeye kuulizwa. Filamu za Bara zilikwenda njia hiyo hiyo ya kuuzwa kwa mkupuo. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu walimsindikiza Dar es Salaam, na vijana wa nchi nzima wakauona umati ule. Hakuna aliyewaonyesha mikataba.

Binti alirudi Madungu, akajifunza kufunga midomo. Aliandika katika daftari maneno yote yaliyomsaliti, akayasema mbele ya kioo kila usiku. Baada ya miezi michache alikuwa akisema kama msoma habari. Bibi yake akamwambia asubuhi moja, "Wasema kama redio, mjukuu wangu. Kuna mgeni?" Hakukusudia kumkemea; alidhani kweli kuna mgeni. Tangu siku ile binti akawa anauacha ulimi wa pili mlangoni pamoja na viatu. Wasomi hufanya vivyo hivyo kila muhula wanapokwenda na kurudi makwao, nao huitwa wafasaha. Haijulikani kwa nini kwa mwigizaji iitwe kujikana.

Kisha akajenga studio, ikiwa neno hilo laweza kubeba godoro lililosimamishwa dirishani na kabati la nguo lililofunguliwa milango. Hata hili lisingewezekana kwa urahisi zamani, maana hadi mwaka 2010, waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli. Hunasa sauti kati ya saa saba na saa kumi za usiku, baada ya pikipiki kulala na kabla ya majogoo. Hutuma kwa simu, na mara nyingine fedha huja kwa simu: kazi ya tangazo la benki, kazi ya masomo ya watoto. Kati ya moja na nyingine yaweza kupita miezi mitatu, na katika miezi hiyo hufundisha masomo ya jioni.

Aliwahi pia kuombwa kuitoa sauti yake bure. Mpango wa Common Voice wa shirika la Mozilla hukusanya sentensi zinazosomwa na watu wa kujitolea, ili mashine zijifunze kusikia Kiswahili. Alisoma mamia, akazifurahia. Baadaye akasikia kwamba Microsoft ina sauti za Kiswahili zilizotengenezwa, moja ikiitwa Rehema na moja Daudi. Alimsikiliza Rehema kwa makini, kama alivyomsikiliza Suleiman zamani. Aliona kwamba hajui kucheka; lakini matangazo ya benki hayahitaji kicheko, na Rehema halipi nauli ya boti.

Mwaka uliopita alipata sehemu katika tamthilia: mjakazi mkongwe katika nyumba ya tajiri, mwenye kusema katika sehemu tatu na kufa katika ya nne. Safari hii msimamizi hakusema neno juu ya Upemba, labda kwa kuwa wajakazi wakongwe hawasikilizwi sana. Binti alifunga midomo kila ilipopasa. Lakini mwendo wa maneno, pale bikizee anapomwonya bwana wake asimtoe binti yake kwa mtu asiyemjua, aliuchukua kwa bibi yake, pumzi kwa pumzi.

Sehemu ile iliporushwa, nyumba ilijaa. Mjomba alikuja, akaketi karibu na mlango. Mkongwe alipokata roho wanawake wawili walifuta machozi, na mmoja akauliza kama yule mzee ni mtu wa Pemba. Bibi aliuliza jambo moja tu, nalo ni malipo. Alipotajiwa, alihesabu kwa vidole, akigeuza shilingi kuwa pishi za karafuu, akarudia hesabu mara ya pili. Kisha akamwambia mjukuu wake kwamba mikarafuu ya nyuma imeanza kutoa, na kwamba mwaka huu wachumaji watakuwa haba.