Mkate wa Mumunye: Barua kutoka Birmingham

Mama Mdogo,

Kwenye ile sauti uliyonitumia WhatsApp uliuliza, huo mkate wenye vidoa vya kijani una majani gani ndani. Si majani, Mama Mdogo, ni ganda la mumunye. Huku ni Agosti, na kila mwenye bustani ana mamumunye ya kumwaga. Ukimwona jirani anakuja na kikapu, ujue hakuja kuomba, amekuja kukubambikia. Nimeona nikujibu kwa barua ili na wenzetu wa Ruangwa wasome, maana ufuta wao nao umo.

Nianze na shamba. Nyumba za hapa zimebanana, uwanja wa nyuma ni wa kuanikia nguo basi. Kwa hiyo halmashauri za miji hukodisha vishamba, na sheria ya mwaka 1908 inazitaka zitenge ardhi kwa ajili hiyo wananchi wakihitaji. Kishamba kamili ni kama mita za mraba 250. Unahitaji kumi na sita ili ufikishe eka moja. Unajiandikisha, unasubiri zamu, ukipata unalipa kodi ya mwaka na kufuata masharti, la msingi likiwa hili: lima, usiache pori. Kulia kwangu yuko mzee wa Kijamaika. Analima kitu anachokiita callaloo, nami siku ya kwanza nilipokiona nilicheka peke yangu: ni mchicha mtupu, na anaukaanga kwa kitunguu na nyanya kama wewe. Kushoto yuko mama wa Kipunjabi mwenye matuta ya uwatu na giligilani. Salamu zetu hazizidi "jua limetoka leo," lakini mbegu tunapeana.

Huwezi kupanda mumunye kabla ya mwisho wa Mei, kwa sababu umande unaoganda usiku huua miche yote. Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Mwezi Juni jua linazama karibu saa 3 na nusu usiku, na mmea unakula mwanga huo wote. Mumunye uliloliacha Ijumaa likiwa na urefu wa kidole, Jumatatu ukitoka zamu ya kazini unalikuta limekuwa kama mguu wa mtoto. Yanaiva kwa pamoja, hayauziki kwa kuwa kila mtu anayo, na watu wanayaacha kwenye benchi la getini, anayetaka achukue. Ni kama kwetu kifuku kikiwa katikati, maboga yanapotapakaa hadi mbuzi wanayakinai.

Ndipo unapokuja mkate. Hauna hamira, haukandwi, hausubiri kuumuka. Kinachouinua ni bekingi pauda, na hiyo ni mali ya mji huu huu: mwaka 1843 mkemia wa Birmingham aitwaye Alfred Bird aliitengeneza kwa sababu mkewe alikuwa anadhurika na hamira. Ndiye huyo huyo wa kastadi ya unga. Ndani ya ile pauda mna magadi na asidi kavu, vimekaa pamoja kwa amani mpaka maji yaingie. Vikilowa vinatoa gesi, gesi inatoboa vitundu ndani ya unga, moto unavigandisha vitundu hivyo kabla havijabonyea. Kwa hiyo kasi ndiyo siri. Ukishachanganya, usisimame mlangoni kupiga soga.

Andika vipimo. Unga wa ngano vikombe viwili, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, mdalasini kijiko kimoja, iliki kiasi, chumvi nusu kijiko. Bakuli la pili: mayai mawili, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta ya kupikia nusu kikombe. Mumunye usilimenye. Likwangue kama unavyokwangua karoti, upate kikombe kimoja na nusu. Hapa ndipo pa kuwa na jicho: mumunye karibu lote ni maji. Likamue kidogo kwa kiganja, yatoke yale yanayochuruzika, lakini usilikaushe, kwa sababu unyevu unaobaki ndio unaoufanya mkate uwe laini hadi kesho yake. Litie kwenye mayai, kisha mimina kwenye unga na ukoroge kwa mwiko mara chache tu. Ukiona bado kuna mabonge madogo ya unga, yaache. Ukikoroga sana ngano inavutika, na mkate unatoka mgumu. Tupia korosho zilizovunjwa nusu kikombe, mimina kwenye kopo la mkate, nyunyiza ufuta juu, weka kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa muda wa saa moja hivi. Choma ujiti katikati. Ukitoka mkavu, epua.

Wamarekani ndio walioueneza mkate huu wa mumunye, lakini Waingereza walishazoea zamani kutia mboga kwenye keki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari ilikuwa kwa mgawo, na Wizara ya Chakula ikawa inawafundisha akina mama kutia karoti ili kupata utamu. Serikali ikahimiza kila mtu alime, na vishamba kama changu vikafika takriban milioni 1.4 nchi nzima. Bustani za maua zilichimbwa zikapandwa kabichi. Bibi mwenye jembe na kipande chake cha ardhi alikuwa sehemu ya jeshi, na alishinda.

Kilichowashinda kulima ni mafuta. Vita viliisha, mgawo wa mafuta ya kupikia na majarini ukabaki, tena ukaendelea hadi 1954. Wizara ile ile ya Chakula, sasa chini ya waziri John Strachey, ikaamua kuyatafuta mafuta Tanganyika, na hapo ndipo Nachingwea yetu inapoingia jikoni kwangu. Mpango wao wa kulima karanga za kukamua mafuta ulianza Kongwa mwaka 1947, ukapelekwa Urambo na kwetu Kusini. Walitaka zaidi ya eka milioni 3. Walileta matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakayasukuma kwenye miti yenye mizizi iliyokaa humo tangu enzi. Hawakuanza na kishamba cha kujaribia kwanza. Kongwa ardhi ikakauka ikawa kama saruji, mvua ikasuasua, mitambo ikafa. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuachana na mpango huo, ikiwa imeteketeza takriban pauni milioni 36.

Mnajua kilichobaki. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga zisizofika. Reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea iling'olewa uhuru ukiwa bado mchanga, na leo tuna kata ya Stesheni isiyopita treni.

Nikiwa nimeinama kwenye matuta yangu huwa nawashangaa Waingereza hawa. Nchi iliyojisaidia kujilisha vitani kwa vipande vya mita za mraba 250, ikijua kwa ushahidi wa macho yake kwamba jembe la mkono na mtu anayeijua ardhi yake vinafika mbali, ilifika kwetu ikasahau yote. Haikumuuliza hata bibi mmoja wa Kimwera anapanda karanga lini na wapi. Bibi huyo aliendelea na kijishamba chake, karanga kati ya mihogo na mbaazi, na karanga zake zipo hadi leo. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele waliofuata njia ya pole pole, ya mbegu na majaribio, wametoa hata aina ya karanga inayoitwa Nachingwea 2009. Karanga hazikuikataa ardhi yetu. Zilikataa haraka ya mtu asiyeijua.

Sasa tazama bakuli langu. Mafuta yaliyowafanya wavuke bahari nayapata dukani kwa chupa, bila mgawo. Pakiti ya korosho imeandikwa Vietnam, lakini korosho ya Tanzania sehemu kubwa husafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hizi hazikuanzia kwenye ghala la RUNALI, chama kikuu chenu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ufuta nao ni hivyo hivyo: mnada, lori, meli. Ninaununua hapa kwenye kijipakiti kinachotosha kunyunyizia mikate miwili, kwa bei ambayo nikikutajia utaniambia nimeibiwa.

Sitaki kukuhubiria viwanda, Mama Mdogo. Wanaohubiri viwanda ni wengi, na wana vipaza sauti. Mimi nina jambo dogo la kiasi cha meza yako pale stendi. Maandazi yanauzwa na kila mtu. Mkate huu hauna mwenyewe bado. Oveni huna, lakini sufuria kubwa unayo: tia mchanga chini, uache upate moto, weka kopo la mkate ndani, funika kwa sinia, makaa mengi juu na machache chini, kama ulivyokuwa ukitupikia keki ya Idi. Mumunye likikosekana, tumia boga lililochemshwa na kupondwa, au karoti. Korosho ikipanda bei, karanga zilizokaangwa zinafaa vilevile. Na kwa kuwa mkate huu hautegemei kuvutika kwa ngano, robo ya unga unaweza kuwa wa muhogo, ambao hapo nyumbani haukauki. Uchanganye kwanza kidogo, uuonje, ndipo uongeze. Kwa joto la kwetu usiuweke zaidi ya siku mbili, maana una maji na utaota ukungu. Ukate vipande, kila kimoja kwenye karatasi yake, uza asubuhi na chai ya rangi.

Anza na kopo moja. Likiisha kabla ya basi la Masasi kuondoka, siku inayofuata oka mawili. Likibaki, wape wajukuu, hasara yake ni ya kopo moja tu. Ukipanda ngazi hivyo, hata siku utakayotaka kukopa kwenye kikundi utakuwa na hesabu ya kuwaonyesha.

Nisalimie Baba Mkubwa kule Ruangwa. Mwambie matokeo ya timu yake ya Namungo nayafuatilia kwenye simu, na siku wanayofungwa huwa sipokei simu ya mtu yeyote. Mwambie pia nasubiri kilo mbili za ufuta wa msimu huu, zilizopepetwa vizuri, azitume kwa kijana mmoja anayerudi Birmingham mwezi ujao. Baba Mkubwa nitamlipa bei ya mnada, si ya walanguzi wa kangomba.

Mwanao,
Birmingham, Uingereza