Ufa Uliogeuka

Skrubu niliyomwekea bibi mmoja aliyevunjika nyonga ilikaa vizuri kuliko nyingi nilizowahi kuweka. Daktari Baumgaertner na wenzake walionya mwaka 1995 kwamba kipimo cha umbali wa ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha mfupa wa paja kisizidi milimita 25. Nilikipima, kikawa chini ya hapo, nikawaita madaktari wanafunzi waje waone. Kumbe nilikuwa nawaonyesha kosa.

Mzee akiteleza bafuni na kuvunjika chini kidogo ya shingo ya nyonga, mara nyingi ufa hushuka kutoka nje kuja ndani. Hapo bamba lenye skrubu ya kuteleza hufaa sana, tena ni nafuu kuliko msumari wa ndani ya mfupa. Mgonjwa akikanyaga, skrubu inarudi kidogo ndani ya mrija wa bamba, vipande vinabanana. Ufa wa bibi ulikuwa umegeuka: ulianzia juu upande wa ndani ukashuka kwenda nje, karibu sambamba na skrubu yenyewe. Kwa ufa wa hivyo, kule kuteleza hakubani kitu. Kunauachia mfupa wa paja uhame kuelekea ndani, na mguu unafupika.

Wala si siri. Mwaka 2001 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha kwamba kati ya wagonjwa 16 wenye ufa uliogeuka waliowekewa skrubu hiyo, kwa 9 haikufaulu. Nilikuwa nimeisoma. Lakini picha ya bibi niliitazama nimesimama, foleni mlangoni. Bamba lilikuwepo kabatini, msumari ungeagizwa, na ndugu walishaanza kuulizia gharama. Nikaandika "bamba" kwenye faili bila kuufuata ufa hadi mwisho wake.

Mfupa ulipohama, mwenzangu ndiye aliyemfungua tena, akatoa vyuma vyangu, akaweka msumari mrefu. Picha ya kwanza aliitundika kwenye taa, akanitazama, hakusema neno. Ndugu wakalipa mara ya pili.

Bibi anatembea, kwa fimbo. Binti yake aliponiuliza kliniki, "Daktari, kwani vile vya kwanza vilikuwa na nini?" nilimjibu kwamba mifupa ya wazee ni laini, vyuma havishiki. Ni kweli ni laini, ndiyo maana jibu lilinitoka kirahisi. Akanishukuru, akaenda kuwaambia na wadogo zake.