Mizani ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu ana karakana ya kufumua injini za magari mjini Morogoro. Siku moja alinijia na karatasi mbili za bei.

"Shikamoo, mjomba. Nataka mizani ya kupimia konrodi, na fedha zenyewe ni za mkopo. Nisaidie kuchagua."

"Marahaba. Kupima nako kuna kuchagua?"

Akacheka, akaniletea konrodi mbili za injini moja. Mizani ya kukodi ilionyesha kila moja ina gramu 612. Nikasema ziko sawa. Ndipo akaining'iniza ncha moja ya kila konrodi, konrodi ikilala sawasawa, na ncha nyingine akaiegemeza juu ya mizani. Ya kwanza ilikuwa na gramu 430 upande wa ncha kubwa, inayoshika krankshafti, na 182 upande wa ncha ndogo, inayobeba pistoni. Ya pili ilikuwa na 418 na 194. Jumla moja, mgawanyo mbalimbali. Na ncha kubwa huzunguka, hali ndogo hupanda na kushuka. Tofauti hiyo huitikisa injini, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mtikiso huongezeka mara nne.

Mizani ya bei nafuu ilisoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, lakini kining'inizio chake kilikuwa ndoano nyembamba. Ya ghali ilisoma gramu nzima tu, ila kining'inizio kilikuwa kizito, chenye beringi laini, na urefu wake ulirekebishika. Mpwa wangu alivutwa na tarakimu nyingi. Nikamwambia, "Tusiulize inasema mengi kiasi gani, tuulize kama hairudi nyuma katika kauli yake."

Dukani tulipima ncha ile ile mara tano, tukiitoa na kuirudisha. Ile ya kwanza ilitofautiana kwa gramu nne, kwa sababu ndoano ilikwama. Ya pili haikuzidi gramu moja, na ncha mbili zilipojumlishwa zilirudi kwenye 612. Tukanunua hiyo. Sasa yeye huchukua ncha iliyo nyepesi kuliko zote kuwa kipimo, kisha husaga zilizo nzito penye nyama ya ziada nchani, asiguse mkono wa kati, maana hapo ndipo penye nguvu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo wawili walilingana kwa jumla ya alama, na nafasi ilikuwa moja. Mmoja alipata nyingi katika mitihani ya kuandika, mwingine katika mazoezi ya kufundisha. Sikutazama mgawanyo. Nilimteua aliyetangulia kwa alfabeti, nikajiona nimetenda haki. Mbele ya watoto alishindwa kabisa. Yule mwingine aliacha ualimu, akaenda kuuza duka.

Alama zao zote mbili nilikuwa nazo mezani. Kilichonipotosha ni kuridhika na jumla.