Shati la Mzee Lilikuwa na Mistari: Kijana wa Ngara, Plagini za Bure na Video ya Sendofu

Wadau, kuna kijana mmoja pale Ngara mjini anapiga video za harusi. Chumba chake kimebanana na saluni ya kike, feni moja, kompyuta mpakato moja, na pazia jeusi dirishani ili mwanga wa nje usimdanganye macho. Kazi anayo. Wiki hii kipaimara Rulenge, wiki ijayo harusi Kabanga karibu na mpaka wa Burundi, mwezi ujao sendofu Biharamulo. Akimaliza kazi ya mbali, flashi anampa konda wa basi na mteja anaipokea stendi. Maisha yanasonga.

Miaka miwili iliyopita alikuwa na tatizo moja lililomnyima usingizi. Video zake zilikuwa safi, hazitikisiki, sauti inasikika, lakini akizilinganisha na za vijana wa Dar na Kigali anaona zake zimepauka. Zao zina ule mwonekano wa sinema, vivuli vya bluu-kijani na nyuso za rangi ya machungwa. Zake zinaonekana kama taarifa ya habari.

Rafiki yake wa Mwanza akamwambia, "Dogo, kamera haina shida. Hujagredi rangi." Akamtumia flashi yenye mzigo mzito: plagini za kupanga rangi, za kulainisha ngozi, za kuongeza mng'ao, pamoja na mamia ya faili za LUT. Zote zimekrakiwa. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelekezo, na mstari wa kwanza ulisema: zima antivirusi kabla ya kuanza.

Akazima.

Kwa wasiojua mambo haya, LUT ni jedwali tu. Linaiambia programu kwamba kila rangi inayoingia hivi, itoke vile. Hakuna akili ndani yake. Halijui kama linaangalia uso wa bibi harusi au sufuria ya pilau. Na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya picha zilizorekodiwa kwa mtindo wa "logi", kama S-Log ya Sony, ambazo zikitoka kwenye kamera zinakuwa za kijivu zimefifia, zikisubiri kuongezewa rangi na ukali. Ukilichukua jedwali la aina hiyo ukaliweka juu ya video ya kawaida ambayo tayari ina rangi zake, ni sawa na kutia chumvi mara ya pili kwenye mchuzi uliokwisha kuungwa.

Kijana hakulijua hilo. Alichoona ni kwamba ukibofya mara moja, video inakuwa "ya Ulaya".

Kazi ya kwanza kubwa baada ya kupata mzigo ule ilikuwa sendofu Biharamulo, mwezi wa nane, kiangazi kimekaza. Mnajua vumbi la kule, jekundu, linakaa kwenye kola za mashati na kwenye kope za watu. Sherehe ilifanyika nyumbani kwa mzee, chini ya maturubai ya bluu. Hapo wapigapicha wote watacheka kwa uchungu. Turubai la bluu jua likiwa kali linamwaga bluu juu ya kila aliyekaa chini yake, na mtu mweusi anageuka kuwa na rangi ya zambarau iliyokufa. Dawa yake ni kuweka karatasi nyeupe chini ya turubai lile lile na kuiambia kamera, "hii ndiyo nyeupe ya hapa." Kijana aliiacha kamera kwenye otomatiki.

Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mweusi ti, weusi wa kung'aa. Alivaa shati jeupe na koti la kijivu. Wakati wa baraka alisimama na binti yake mbele ya wazee wa pande zote mbili, akaongea kama dakika sita bila karatasi. Alimwambia binti asione aibu kurudi nyumbani kama mambo yatakuwa magumu, kwamba mlango hauna kufuli. Watu walilia, mpaka MC akashindwa kupokea kipaza sauti.

Kijana alirudi Ngara, akakaa siku nne. Akaweka LUT moja iliyoandikwa "Hollywood", juu yake plagini ya kulainisha ngozi, juu yake mng'ao. Bluu ya turubai ikazidi kuwa bluu. Nyuso zikawa za rangi ya kutu. Bibi harusi akatoka mweupe kwa daraja tatu hivi. Akatoa video, akaweka kwenye flashi, akampa konda.

Na sasa usikilize kwa makini, maana watu hupenda kusema mteja ni mfalme. Hakuna aliyelalamika. Bibi harusi aliweka vipande vitatu kwenye status, mashoga zake wakamwuliza, "Nani kakupiga hii?" Kijana akapata wateja wawili hapo hapo. Wengi wao siku hizi wanakuja na ombi lile lile: "Kaka, unitoe mweupe kidogo." Plagini ilikuwa inatimiza walichokuwa wanakitaka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesema neno, naye alilisema kwa utani. Mzee aliitazama video sebuleni, familia imejaa, akacheka akasema, "Huyu mzee kwenye video ni nani? Mbona kapakwa mawese?" Wote wakacheka, na binti akampigia kijana simu kumsimulia. Hata yeye kijana alicheka.

Miezi michache baadaye, kijana aliwasha kompyuta asubuhi akakuta mafaili yote yamebadilika majina. Kila faili lina mkia wa ajabu, halifunguki, na kuna barua ya Kiingereza inayomtaka alipe dola mamia ili apewe ufunguo. Eksteno ilikuwa imechomekwa, nayo ikaliwa. Virusi vya aina hii husambazwa sana kupitia programu zilizokrakiwa, na yeye alikuwa ameambiwa azime mlinzi, akamzima. Sendofu, vipaimara, misiba, vyote vikafungwa humo ndani. Memori kadi zilishafutwa na kurekodiwa juu yake mara nyingi. Akaformati, akaanza upya, na hakumwambia mtu. Wateja walikuwa na video zao zilizokamilika. Nani angemwuliza picha mbichi?

Masika yalipofika, mzee wa Biharamulo akafariki. Aliugua muda mfupi tu.

Binti alipiga simu baada ya wiki kadhaa. "Kaka yangu, kwenye misa ya kumbukumbu tunataka tuonyeshe zile dakika za baraka. Lakini mama anasema tusiweke ile. Anasema sauti ni yake, uso siyo wake. Si unayo ile ya kawaida, kabla hujaipamba?"

Kijana akajibu, "Ngoja niitafute, dada." Kisha akakaa kwenye kiti chake, maana alijua hana pa kuitafuta.

Siku mbili alizima simu. Siku ya tatu alipanda basi mwenyewe. Benaco, Nyakahura, Lusahunga, malori ya Rwanda na Burundi yakipishana nao njia nzima, akashuka Biharamulo na kwenda moja kwa moja kwa mjane. Akamwamkia, "Shikamoo mama," akapiga goti kidogo, akasema ukweli wote mpaka lile la antivirusi.

Mama hakugomba. Alimwuliza swali moja tu: "Kwani mwanangu, rangi yake ilikuwa na kosa gani?"

Swali hilo lina historia ndefu kuliko umri wa kijana. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kama kadi ya Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Watu weusi walitoka kama vivuli wenye meno. Filamu zilianza kuboreshwa kwa rangi za giza miaka ya 1970, na inasimuliwa kwamba waliosukuma sana ni watengenezaji wa samani na wa chokoleti, kwa sababu mbao zao na chokoleti zao hazikuonekana tofauti. Leo hakuna kadi, lakini kijana wa Ngara anapakua jedwali lililopikwa na mtu ambaye hajawahi kumpiga picha mzee wa Biharamulo.

Tusiseme kugredi ni dhambi. Filamu ya O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000 ilichukua majani mabichi ya Mississippi ikayageuza manjano makavu kwa kompyuta, na Roger Deakins akasifiwa dunia nzima. Lakini pale walitaka ukame, wakautengeneza kwa makusudi. Kijana alitaka tu afanane na wengine.

Wokovu mdogo ulitoka mahali pasipotarajiwa. Msaidizi wake aliyeshika kamera ya pili alikuwa siku ile amerekodi kwa simu yake, akamtumia MC kwa WhatsApp ili amwonyeshe alivyolia. Sekunde arobaini. Picha imebanwa, ina chenga, lakini msaidizi alikuwa amesimama nje ya turubai, na mzee alikuwa amegeukia upande wake kwenye mwanga wa jua. Uso ule ulikuwa uso wake.

Kijana akaondoa mizigo yote ya flashi. Akapakua DaVinci Resolve, ile ya bure ya kampuni yenyewe, isiyohitaji kukrakiwa. Kompyuta yake ililalamika, ikawa inakwama kila dakika kumi, lakini ilienda. Akaweka sekunde arobaini upande mmoja wa kioo, na video yake iliyoharibika upande wa pili. Safari hii hakubofya kitu kimoja kumaliza kazi. Alianza na mizani ya nyeupe, akiitoa bluu ya turubai. Kisha mwanga, akisoma kipimo badala ya kuamini macho. Kisha akaenda kwenye kipimo cha duara kinachoonyesha rangi. Humo kuna mstari wa ngozi, na ngozi za watu wote, weusi kwa weupe, huangukia karibu na mstari huo mmoja, kwa sababu chini ya ngozi damu ni ile ile. Kinachotofautiana sana ni mwanga na uzito wa rangi. Uso wa mzee ulikuwa umekimbilia mbali kwenye machungwa. Akaurudisha taratibu, akiwa ameuchagua uso peke yake ili asiharibu vingine.

Binti alisafiri kuja Ngara kukaa pembeni yake. Hakujua jina la kitufe hata kimoja, lakini ndiye aliyekuwa akiongoza.

"Punguza njano. Baba hakuwa na njano."

"Hapa?"

"Bado. Giza zaidi. Usiogope, alikuwa mweusi."

Walikaa mpaka saa tano usiku, saluni ya jirani imeshafungwa. Katikati ya kazi binti akatazama uso wake mwenyewe kwenye kioo, ule wa kulainishwa, amesimama kando ya baba yake anayeanza kurudi. Akasema, "Na mimi nirudishe. Nitakaaje naye hapo kama si mtoto wake?"

Plagini ya kulainisha ilikuwa imekula vinyweleo vyote, hivyo ngozi yenyewe haikurudi kamili. Ila rangi ilirudi.

Siku ya misa waliionyesha kwenye ukuta wa sebule kwa projekta, ile ile sebule. Mama alitazama dakika zote sita bila kusema, mkono mdomoni. Mwisho akamwita kijana akae karibu yake.

"Asante mwanangu. Huyu ni yeye." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini shati lake lilikuwa na mistari. Myembamba, ya bluu. Mimi ndiye nililipiga pasi asubuhi ile."

Kijana akainamisha kichwa. Mistari alikuwa anaijua. Ile LUT ilipopandisha ukali iliunguza kila kilichokuwa cheupe, mistari ikamezwa kabla video haijatoka, na video ikishatoka hivyo hakuna programu ya bure wala ya kulipia inayoweza kurudisha kisichokuwepo ndani yake. Ile ya simu nayo ilikuwa na chenga mno. Mistari ile sasa ipo kwenye kichwa cha mama peke yake.

Siku hizi ukienda kwa kijana kuna mambo matatu amebadilisha. Anabeba karatasi nyeupe kwenye begi la kamera. Anatunza picha mbichi kwenye eksteno mbili, na moja anaiacha nyumbani haijachomekwa popote, na kila mteja anapewa flashi ya pili yenye picha ambazo hazijaguswa. Na mteja akisema "kaka unitoe mweupe kidogo," anamwuliza kama wazazi wake bado wapo, na kama nao anataka watoke hivyo hivyo.

Wengine wanakasirika na kwenda kwa fundi mwingine, kwa sababu mafundi wengine wapo, na plagini bado zinazunguka kwenye flashi.

Haya wadau, semeni ukweli. Ile video ya harusi yenu iliyo kwenye droo, mzazi wako akionekana humo, ni yeye kweli?