Likizo Yetu, Mzigo wa Mama

Septemba ikikaribia, nyumba yetu ya hapa Kibiti huanza kujaa magodoro. Shule zinafunga kwa likizo fupi, mpunga umeshavunwa, kusi imeanza kulegea na mvua za vuli bado hazijafika. Ndiyo majira ambayo ukoo wetu umeyachagua kwenda pamoja deltani kumwona mama mkwe. Shemeji mkubwa hutoka Dar es Salaam na mkewe na watoto wanne. Wifi hutoka Morogoro. Wa Lindi huja kwa basi kupitia Daraja la Mkapa, na kila mwaka huwakumbusha vijana kwamba kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alisubiri pantoni pale Ndundu, na mto ukifurika alisubiri zaidi.

Usiku huo wa kwanza tunalala kwa kupangana kama dagaa, watoto sebuleni, akina baba barazani. Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, kama zilivyo koo nyingi za pwani, hivyo alfajiri shemeji husoma dua yake, nasi tunasali sala yetu, kisha wote tunapanda gari moja kwenda Bungu, na kutoka Bungu tunakata kuelekea Nyamisati.

Pale Nyamisati saa ya mkononi haina kazi. Anayetawala ni maji. Yakijaa, boti inaondoka, yakipwa, mnakaa. Watoto wetu waliozaliwa mjini wamejifunzia hapo maana ya bamvua na maji mafu. Tukishaingia kwenye vijito, mikoko inatufunika huku na huku. Msitu huu una zaidi ya hekta 50,000, na ni miongoni mwa misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika Afrika Mashariki. Baba watoto hachoki kuwasimulia jinsi manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilivyojificha humu mwaka 1914, Waingereza wakaitafuta, hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Watoto hukodoa macho majini wakidhani wataiona.

Kisha tunafika. Mama anasimama ufukweni, ushungi kichwani, mikono ameifungua. "Karibuni wanangu, karibuni kwenu!" Tunamwamkia mmoja mmoja, naye anaitikia "Marahaba" ya kila mjukuu kwa jina lake.

Miaka mingi tuliiita safari hiyo mapumziko. Na kweli tulipumzika! Sisi tunaokesha wodini na kushinda kwenye vikao vya kanisa, tulilala hadi jua likawa juu. Tukiamka tunakuta chai ya tangawizi na vitumbua. Mchana wali wa nazi na kamba. Jioni kuku. Ndoo za maji zimejaa bila sisi kujua nani amezijaza. Tukirudi Kibiti tunasema, "Mama yetu ana nguvu kama msichana." Tulisema hivyo kwa mapenzi. Hatukuwahi kujiuliza.

Miaka ya 2016 na 2017 hatukwenda. Akina mama wenzetu mnakumbuka mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi yaliyotikisa eneo letu la Kibiti. Tulifunga milango mapema, na ndugu wa mbali hawakuthubutu kuja. Amani iliporejea tulirudi deltani, na mama alilia alipotuona. Tangu hapo, kila tulipoagana naye, aliuliza neno lile lile: "Mwakani mtakuja?"

Ukaja mwaka 2024. Aprili mto ulifurika, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama, na watu wengi wakahama makazi. Kabla hatujapumua, mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Kanisani tulikusanya nguo, unga na maharage kwa ajili ya waathirika. Sisi wenyewe tuliandika orodha ya wajane wa kusaidiwa na kupita nyumba kwa nyumba. Mama tulimpigia simu. "Mimi sijambo, wanangu," alisema. "Mpunga umekwenda na maji, lakini Mungu yupo. Mnakuja lini?" Tukashukuru, tukakata simu, tukaendelea na orodha yetu. Jina lake halikuwamo.

Septemba hiyo tulifika watu 17. Tulibeba kilo tano za sukari, sabuni na jozi mbili za khanga, tukajiona tumefanya la maana. Mezani hakukuwa na pungufu. Wali, kamba, kuku, kama siku zote. Hatukujiuliza wali ule umetoka shamba gani wakati shamba lilikuwa limezama.

Siku ya tatu alfajiri tulitoka nje kwa haja zetu, tukamwona mama jikoni. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, na mwingine ameuweka kisogoni. Tulipomuuliza alisema ni moshi tu. Lakini jicho la muuguzi likishaona, limeona. Tukachukua mashine yetu ya kupimia shinikizo la damu, tukamkalisha, tukamwacha apumzike dakika tano, tukapima: 198 kwa 114. Tukangoja, tukapima tena. Ikashuka kidogo sana.

"Mama, dawa zako ziko wapi?"

Alitoa kikopo chini ya mkeka. Kilikuwa kitupu. Dawa alikuwa hanywi tangu Julai.

"Sikuwa naumwa," alisema, nasi tukaanza kumfundisha, kama tunavyofundisha kliniki, kwamba shinikizo la damu linaweza kukaa kimya hadi siku linapoleta kiharusi, na kwamba dawa hunywewa hata unapojiona mzima. Tulizungumza kwa ukali kidogo, na tunaungama hilo. Mama aliinamisha kichwa kama mtoto.

Aliyetufunga mdomo ni mjukuu wa miaka tisa, aliyekuwa akiota moto kando. "Bibi alimwambia yule mama jirani kwamba atamlipa mchele wake wageni wakishaondoka," alisema. "Kilo thelathini."

Kukawa kimya. Ndipo mama akasema yote. Mchele ulikuwa wa kukopa. Kuku wawili walikuwa wa mwisho. Nauli ya boti na gari ya kufuatia dawa alikuwa ameiweka kwa ajili ya nazi, sukari na mafuta ya kutupokelea. Na mikeka aliyokuwa akisuka usiku, ambayo tulidhani ni ya kujiliwaza, ilikuwa ya kulipia madeni ya ziara zetu. Haikuwa mara ya kwanza.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nikisema sina, mtasema tusimsumbue mama mwaka huu. Na mwaka unaofuata vivyo hivyo. Nitabaki na mawimbi."

Akina mama, tumeshika maiti, tumepokea watoto waliozaliwa bila pumzi, na hatukulia. Asubuhi ile tulilia.

Haikuwa wakati wa kulia sana, kwani ilibidi afike hospitali, na maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilikuwa imekaa juu ya tope. Kwa saa mbili na zaidi tulikaa naye kivulini, tukimpima, tukimtazama kama mdomo unapinda, tukimwambia ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Tulimfahamu Mungu upya katika saa hizo mbili. Maji yalipoinua boti, wifi alimpakata mama kichwa mapajani hadi Nyamisati. Alifika, akatibiwa, na baada ya siku chache akaruhusiwa kurudi.

Usiku uliofuata ndugu walikaa kikao hapa kwetu Kibiti, na hakikuwa kizuri. Shemeji mkubwa alitaka mama ahamie Dar es Salaam mara moja. Wa Lindi aliuliza ni nani aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na asione. Jibu tulilijua: ni sisi. Neno liliuma kwa kuwa lilikuwa kweli. Mama mwenyewe alisema hahami. Kaburi la mumewe liko deltani, minazi yake iko deltani, na Dar es Salaam hana jirani wa kumgongea mlango.

Usiku ule tulifungua waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Timotheo, sura ya tano, mahali anapoagiza kwamba mjane mwenye watoto na wajukuu atunzwe kwanza na watu wa nyumbani kwake, ili kanisa lipate kuwasaidia walio wajane kweli. Tulikuwa tumelifundisha somo hilo kikundini mara nyingi. Hatukuwa tumesomewa sisi.

Tulipatana mambo machache, nasi tunayaandika kwa sababu huenda nawe, msomaji, una mama kijijini anayekungoja Desemba hii.

Kwanza, deni la jirani lililipwa kesho yake, kabla ya neno lingine lolote. Pili, kila nyumba hutuma fedha kidogo kwa simu kila mwezi, na mmoja wetu hufuatilia dawa, si kwa kuuliza "Hujambo?" bali kwa kuuliza "Zimebaki vidonge vingapi?" Tatu, chakula cha ziara hutangulia: mchele, mafuta na sukari hupelekwa na boti wiki moja kabla, ili mama asiingie dukani wala kwa jirani. Nne, sisi wakaza-mwana tunapika kwa zamu, vijana wa kiume wanachota maji, na akina baba wanaezeka na kurekebisha ua. Tano, hatuondoki mpaka mashuka yamefuliwa na masufuria yamesuguliwa.

Septemba 2025 tulikwenda hivyo. Tulidhani mama atafurahi. Siku ya kwanza alikaa barazani amenuna. Siku ya pili alikataa chai yetu. Siku ya tatu alitufukuza jikoni kwa mwiko. "Mmenifanya mgeni nyumbani kwangu!" alisema.

Hapo tukajifunza la sita, ambalo hatukuwa tumeliandika. Kumwondolea mama mzigo ni jambo moja, kumwondolea heshima yake ni jambo jingine. Tangu asubuhi ile kamba wa nazi ni wa kwake. Sisi tunakuna nazi na kumenya, yeye anaketi kwenye kigoda, anaonja na kuamuru. Chumvi tunabishana naye, kwani ng'onda anazozipenda zina chumvi nyingi kwa mgonjwa wake. Mara nyingine anashinda yeye.

Siku ya kuagana tulimpima: 142 kwa 86. Bado iko juu kidogo, lakini tulimshukuru Mungu. Tulipopanda boti alisimama ufukweni kama kawaida, na tulingoja aulize swali lake. Safari hii hakuuliza. Alisema tu, "Mwakani leteni mchele wa Mbeya, huu wenu ulikuwa na mawe."

Tulicheka hadi mikoko ikamficha.