Mashua ya Mtu wa Isiolo

Isiolo haina bahari. Mto wake, Ewaso Nyiro, hupotelea katika kinamasi cha Lorian bila ya kufika pwani. Hata hivyo, hapo ndipo kijana mmoja wa Kiborana, aliyeoa Lamu, aliponiuliza: je, auze ngamia wawili anunue mashua iliyopasuka, aitengeneze na kujifunzia ubaharia?

Nilimkumbusha mnada wa mifugo wa kwao. Mnunuzi haridhiki na rangi ya ngamia. Humfungua kinywa amtazame meno, kisha humtembeza. Mashua nayo ina meno yake. Ubao uliopasuka hubadilishwa, na pamba ya kalafati hutiwa upya. Hiyo ni gharama ya kawaida. Lakini mkuku ukiwa umeoza, au mataruma yakiingia ncha ya kisu, basi atajenga chombo kipya juu ya bei ya kile kibovu. Mgeni wa bahari hayatambui hayo. Na amlipe fundi wa Matondoni akikague chombo kikiwa kimepwelewa, kabla ya kupeana mikono. Kwani fikihi humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye ila iliyofichwa. Ila aliyoionyeshwa akairidhia, hiyo ni yake.

Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, aliuliza swali zito kuliko langu: chombo kikiwa juu ya magogo mwaka mzima, watoto watakunywa maziwa ya ngamia gani?

Kijana amekubali kwanza kupanda kama baharia msimu mmoja wa kaskazi, katika chombo cha mjomba wa mkewe. Ngamia wangali malishoni.